Waidi Moja

Walipopitisha kanuni mpya kule Ngara,
jioni ya Machi, ukumbini, chini ya feni mbovu,
mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Jayantilal Hirani,
mweka hazina wa klabu kongwe kuliko zote.
"Wawili wa mwisho washuke," alisema,
"na wawili wa kwanza kule chini wapande.
Timu isiyoogopa kuanguka
husahau kwa nini inakimbia."
Wenzake walimtazama
kama mtu anayekata tawi alilolikalia.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Hawasemi ungoje miaka mingapi.
Sisi wa Pangani tulingoja thelathini na mmoja
kwenye mkeka uliopigiliwa juu ya saruji,
tukimchapa kila aliyekuja
na kubaki palepale,
maana Daraja la Kwanza lilikuwa la walioandikwa kwanza.

Msimu wa kwanza wa kanuni, tukapanda.
Msimu wa pili, Jumapili ya mwisho,
tukaenda kwao kuamua nani abaki.
Sisi pointi tisa, wao nane.

Mimi ndimi mwandika alama.
Penseli mbili, kifutio, chupa ya chai ya tangawizi,
blanketi magotini: Julai ya Nairobi haina adabu.
Uwanjani humo humo nilianza nikiwa na miaka kumi,
nikitundika tarakimu za bati kwenye ubao mweusi
kwa kikombe cha chai na kachori mbili.
Hirani ndiye aliyenifundisha
kwamba sifuri nayo hutundikwa,
kwamba nafasi tupu si sifuri.

Tukapata mikimbio mia moja themanini na miwili.
Wao wakaifuata
kama mtu anayelipa deni shilingi moja moja,
hadi ova ya mwisho, wiketi ya mwisho,
manyunyu yakianza,
Ochwada akipangusa mpira kwenye paja.
Akarusha. Nguzo ya kati ikalala.
Mia moja themanini na mmoja.

Wenzangu wakamiminika uwanjani, kofia hewani.
Mimi nikasikia kiti cha plastiki kikiburutwa kando yangu.
"Rispa. Ova ya kumi na saba. Hesabu tena."

Nikahesabu kwa ncha ya penseli.
Ova ni mipira sita.
Mimi nilikuwa nimeweka nukta saba.
Mwamuzi Nandwa alikuwa akipita, viatu mkononi.
"Nilinyoosha mikono yote miwili," alisema,
"waidi. Wewe ulikuwa unamimina chai."

Ningeweza kubisha.
Kule katikati walikuwa wamembeba Ochwada juu,
na nukta ni nukta, nani angeapa?
Kitabu changu, kifutio changu.
Nikageuza nukta moja kuwa msalaba mdogo.
Nikamwita mtoto wa ubao;
akaing'oa moja, akatundika mbili,
na kelele za kwetu zikapungua taratibu,
kama sufuria iliyotolewa motoni.

Sare. Pointi moja kwetu, moja kwao.
Kumi kwa tisa.
Bado walikuwa wameshuka.

"Ulijua haitawaokoa," nikamwambia.
"Nilijua kabla sijakivuta kiti," alisema.
"Lakini kama ni kushuka, tushuke na hesabu yetu kamili."

Nikammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
Akainywa akiitazama nyasi yao,
ile nyasi inayoviringishwa kila asubuhi
kama chapati.
Halafu, bila kunigeukia:
"Rispa, kwenye mkeka, mpira huruka hadi wapi?"

Nikainua mkono hadi hapa, kifuani.
Akapima kwenye sweta yake,
kifungo cha kwanza, cha pili,
akasimama kwenye cha tatu
na kukishika.